Sauti na picha katika uchunguzi: ginsi ya kuzisoma kwa mashini

Kila mwaka wanaseminari na wanafunzi wetu wanatoka kwenda kuuliza watu habari, katika mitaa ya Butembo na ya Beni, huko Oicha, Mangina, hata kule Lubero. Zamani walibeba buku na kalamu. Leo wanabeba telefone. Wanarudi na masaa kumi au kumi na tano ya sauti, na pengine video za matanga, za ndoa, za mkutano wa shirika. Halafu wanatuuliza: «Padri, sasa nifanye nini na vitu hivi?»

Desturi inajulikana. Mtu anaketi usiku mmoja, anasikiliza mbiombio, anaandika kwa Kifransa yale anayodhani yamesemwa, kisha anafuta telefone kusudi apate nafasi ya mambo mengine. Nyuma yake anatumika juu ya karatasi tu. Sisi tunaona kwamba desturi hiyo inaharibu kazi, tena inaharibu neno la watu waliotuamini. Basi tunataka kuonyesha hapa njia nyingine: kuacha sauti iwe sauti na picha iwe picha, na kutumia programu za ordinateri kwa kuzichunguza, pasipo kuziua kwanza.

«Tulikubali tu»

Tutoe mfano. Si habari ya jamaa fulani, tumeutunga kwa ajili ya masomo. Lakini kila mtu aliyeishi hapa siku zile ataufahamu upesi.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3.470 waliugua, na katika hao 2.287 walikufa. Katikati ya mambo hayo uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa katika Beni na Butembo mpaka Machi 2019, na watu wengi wakasema kwamba Ebola ililetwa kusudi wasipige kura. Mwisho wa Februari 2019 vituo vya kutunzia wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, kimoja nyuma ya kingine, kwa muda wa siku nne. Hapo ndipo mtu akitaka kujua watu walifikiri nini juu ya waganga na juu ya mazishi, alipaswa kusikiliza vizuri sana.

Tuwaze sasa mfratelli mmoja anayeuliza mama wa Katwa: «Mama, siku ya matanga ya mzee, mulikubali watu wa riposte wamzike?» Mama anajibu: «Tulikubali tu.» Mfratelli anaandika kwa Kifransa kwamba jamaa ilikubali. Kazi imekwisha. Katika memwari yake mama huyo atahesabiwa katika fungu la waliokubali.

Lakini turudie sauti yenyewe. Mbele ya kujibu mama alinyamaza sekunde nne. Alivuta pumzi. Neno «tulikubali» lilitoka vema, lakini lile «tu» lilishuka chini kama mtu anayeweka mzigo. Nyuma yake mtoto wake mkubwa alicheka kidogo, na cheko lile halikuwa la furaha. Kisha mama akaacha Swahili, akasema maneno mawili kwa Kinande, akarudi katika Swahili. Yote hayo yamo ndani ya sauti. Ndani ya karatasi hayamo. Na mtu akiyasikia hatasema tena kwamba jamaa ilikubali. Atasema kwamba jamaa ilishindwa kukataa, na hilo ni jambo lingine kabisa kwa padri anayetaka kuwafariji, na kwa mganga anayetaka wamwamini mara nyingine.

Tena tusisahau kwamba Kinande ni lugha ya sauti za juu na za chini, na mwandiko wetu wa kila siku hauzionyeshi. Wenye elimu ya lugha wanazifahamu: kamusi ya Kinande na Kifransa ya Kavutirwaki na Mutaka, iliyotolewa na makumbusho ya Tervuren mwaka 2012, ni ushuhuda wa kazi hiyo. Sisi wengine tunaandika herufi tu, na wimbo wa neno unapotea njiani.

Wakati ule wa Ebola wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika maswali, uvumi na manung'uniko ya watu, na wengine wakayapanga kwa mafungu na kuyahesabu, kusudi wakubwa wa kazi wajue kila juma watu wanasema nini. Ilikuwa kazi ya maana, na kwa haraka ile hakukuwa na njia bora. Lakini walipanga maneno yaliyokwisha kuandikwa. Mtu wa masomo, ambaye hasukumwi na ugonjwa, anayo nafasi ya kufanya zaidi.

Programu hizi ni nini?

Wengine wanafikiri kwamba ni mashini zinazosikia maneno na kutoa maana yake. Sivyo. Programu ya uchunguzi wa namna hii ni kama kabati yenye droo nyingi. Mtu ndiye anayesikia, ndiye anayeamua hiki kinaingia droo gani. Kabati inashika kila kitu fasi yake, na inamrudishia upesi anapokitafuta.

Za kwanza zilitengenezwa kwa maandiko tu, maana ordinateri za siku zile hazikuweza kubeba sauti. Mwaka 1981 bibi na bwana Richards, Lyn na Tom, walianza yao katika Chuo Kikuu cha La Trobe, Melbourne, kule Australia. Mtoto wake anaitwa leo NVivo. Katika Ujerumani Udo Kuckartz alitoa yake mwaka 1989, nayo ndiyo MAXQDA ya leo, na mwaka 1993 ikatoka ATLAS.ti, iliyozaliwa katika chuo kikuu cha Berlin. Hizi zote leo zinapokea sauti na video. Ni nzuri, lakini zinauzwa, na bei yake si ya mfuko wa mwanaseminari. Tusidanganyane: wengi wetu wanatumia zile zilizoibwa, zilizojaa virusi, na siku moja kazi yote inapotea. Wizi ni wizi hata kama mwenye mali yuko mbali.

Kwa hiyo tunashauri ELAN. Ilitengenezwa katika taasisi ya Max Planck ya elimu ya lugha, Nijmegen, katika Uholanzi. Inatolewa bure. Ikikwisha kuingia katika ordinateri haihitaji intaneti. Ilitengenezwa hasa kwa watu wanaochunguza lugha na ishara za mikono, ndiyo sababu inaheshimu sauti kuliko zingine.

Ginsi inavyotumika

Unafungua sauti au video. Chini yake unaona mstari wa wakati, na kama sauti ni ya namna ya WAV, unaona pia mawimbi yake: pale mtu anaposema wimbi linapanda, pale anaponyamaza linalala. Zile sekunde nne za mama wa Katwa utaziona kwa macho mbele ya kuzisikia.

Chini ya mawimbi unatengeneza mistari, mingi unavyotaka. Kila mstari una kazi yake. Unachagua kipande cha wakati, tangu hapa hata hapa, na unaandika neno ndani yake katika mstari unaofaa. Ukigusa kipande hicho siku nyingine, sauti inalia tena pale pale. Unaweza kuirudisha mara kumi, kuipunguza mwendo, kuiacha izunguke kipande kimoja mpaka masikio yako yaelewe. Programu inaandika alama zako katika faili nyingine, na haigusi sauti ya asili hata kidogo. Faili hiyo ya alama inakumbuka tu sauti iko wapi. Kwa hiyo usihamishe sauti ovyoovyo, maana kesho yake programu itakuuliza: sauti yangu iko wapi?

Sasa tuseme unayo video ya mazishi ya siku zile, wazikaji wenye nguo nyeupe, jamaa imesimama mbali. Ungetengeneza mistari gani? Sisi tungeanza na mitano. Wa kwanza kwa maneno ya mwenye kuongoza sala. Wa pili kwa maneno ya jamaa, katika lugha ile ile waliyosema, pasipo kugeuza. Wa tatu kwa mikono na miguu: nani anakaribia, nani anazuiwa, nani anatupa udongo. Wa nne kwa ukimya na kilio. Wa tano kwa mawazo yetu sisi wachunguzi.

Mstari huu wa tano ndio shule yenyewe. Wanafunzi wetu wanachanganya daima kinachoonekana na wanachofikiri. Ukiandika katika mstari wa tatu «anafuta uso kwa kitenge», kila mtu anayeangalia atakubali. Ukiandika «ana hasira», umekwisha kutoka katika macho na kuingia katika moyo wa mtu. Si dhambi kuingia, kazi yetu inatutaka tuingie. Lakini andika hayo katika mstari wa tano, kusudi mwingine aone mlango ulioingilia. Tumeona memwari nzima iliyojengwa juu ya hasira ambayo hakuna mtu aliyeiona.

Na picha yenyewe, je? Watu wanasema picha haisemi uongo. Haisemi uongo, lakini ina kingo nne, na yaliyo inje ya kingo hizo hatuyaoni. Kabla ya kuweka alama moja, uliza nani alishika telefone. Kama ni mtu wa jamaa, alisimama na jamaa, na uso wa wazikaji umefunikwa. Kama ni mtu wa kazi, ataonyesha kazi iliyofanywa vizuri, na kilio kitasikika mbali. Video mbili za shimo moja la kaburi zaweza kuwa mazishi mawili. Andika jambo hilo juu kabisa, mbele ya mistari yote.

Alama na wawili wenye kuziweka

Katika uchunguzi huu alama ni jina fupi tunalolipa kila kipande: woga, kukubali kwa kushindwa, kumtaja Mungu, kumtaja mkubwa wa serikali, mzaha. Mwanafunzi mwenye bidii anatuletea alama themanini. Hatutaki. Aanze na kumi au kumi na mbili, aandike kwa kila moja sentensi mbili za kuieleza na mfano mmoja, kisha sauti zenyewe zitamdai aongeze au apunguze.

Halafu atafute mwenzake. Huyu asikilize vipande vile vile, peke yake, pasipo kuona alama za kwanza. Tuseme vipande ni 50, na swali ni moja: kuna woga au hakuna? Wote wawili wanasema upo katika 20, wote wanasema haupo katika 20, na katika 10 wanapingana, 5 upande huu na 5 upande ule. Wanapatana mara 40 katika 50, ndiyo 80 kwa mia. Inapendeza. Lakini hata watu wawili wenye kurusha sarafu wangepatana nusu ya mara. Jacob Cohen, mwaka 1960, alionyesha ginsi ya kuondoa bahati hiyo: toa 50 katika 80, inabaki 30, toa 50 katika 100, inabaki 50, gawanya 30 kwa 50, unapata 0,6. Si mbaya, si ya kujisifia. Na faida kubwa si namba. Faida ni vile vipande 10 vya kupingana. Wenzi hawa waketi, wavisikilize pamoja. Mara nyingi mmoja ni mtoto wa Kinande na mwingine ametoka Bukavu au Bunia, na pale ndipo wanapogundua kwamba mmoja alisikia heshima na mwingine alisikia woga, katika sauti moja.

Mashini yenye kuandika peke yake

Tunaulizwa sana: kwa nini tujisumbue, na siku hizi kuna mashini inayosikia na kuandika yenyewe? Ipo kweli. Ile inayojulikana zaidi, Whisper, ilitolewa mwaka 2022 na kampuni OpenAI ya Marekani. Ilifundishwa kwa masaa 680.000 ya sauti. Kwa Kifransa inafanya vizuri, na inaokoa siku nyingi, maana kwa kawaida saa moja ya maneno inadai masaa manne mpaka sita ya kuandika kwa mkono.

Swahili imo ndani yake. Kinande hakimo katika orodha ya lugha zake. Mama akiingia katika Kinande, mashini hainyamazi na kukiri kwamba haifahamu. Inatafuta maneno ya lugha nyingine yanayofanana, na kuyaandika kwa utulivu wote. Hata Swahili yetu ya «banasema» na «minaenda» si ile ya vitabu. Na kuna kosa baya kuliko hayo, wataalamu wamelishuhudia: pale ambapo kuna ukimya mrefu, mashini hii pengine inaandika maneno ambayo hakuna mtu aliyeyasema. Turudie sasa zile sekunde nne za mama. Fasi ile ambayo ni moyo wa jibu lake lote, mashini ingeweza kuijaza na maneno yake yenyewe.

Basi tumia mashini hiyo kwa kupata mwandiko wa kwanza, kama unavyomtuma mtoto kuteka maji. Lakini usiyanywe mbele ya kuyaangalia. Tena itumike ndani ya ordinateri yako, jambo linalowezekana, si kwa kupeleka sauti katika intaneti kwa kampuni usiyoijua.

Sauti inamjulisha mtu

Hapa tunafika kwenye jambo linalotutia woga kuliko yote. Ukiandika katika karatasi «mama wa Katwa», watu elfu wanaweza kuwa huyo. Ukitoa sauti yake sekunde tatu, mtaa wote unamtambua.

Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wanauawa, na wachache wanaojua habari wanajua pia bei yake. Padri Vincent Machozi, wa shirika la Asomptio, alikusanya muda wa miaka habari na picha za mauaji hayo, akazitangaza katika intaneti. Usiku wa Dominika ya Matawi, tarehe 20 Machi 2016, watu wenye silaha walimwua kule Vitungwe, si mbali na Butembo. Yeye alijua hatari, akachagua. Mama uliyemwuliza habari kwa memwari yako hakuchagua hivyo. Alikuamini wewe, sababu ulikuja kwa jina la parokia.

Kwa hiyo, omba ruhusa mara mbili, si mara moja: ruhusa ya kunasa sauti, na nyuma ya mazungumzo, ruhusa ya kuitunza, maana mbele ya kusema hakujua bado atasema nini. Usinase jina lake. Mpe namba, daftari ya majina na namba ikae fasi nyingine, mbali na sauti. Sauti iwekwe katika ordinateri au flashi iliyofungwa kwa neno la siri; programu VeraCrypt inafanya kazi hiyo, nayo ni ya bure. Usiitume kwa WhatsApp: inabana sauti na kuiharibu, na inaacha nakala katika telefone zote mbili. Ukitaka kusikilizisha kipande darasani, usitosheke na kugeuza sauti iwe nene au nyembamba; maneno anayopenda mtu na mwendo wake wa kusema vinamtaja bado. Soma mwandiko wewe mwenyewe. Na tangu ordonansi ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya mambo ya kidijitali, sheria ya nchi yetu nayo inalinda habari za mtu.

Kwa mapadri tuongeze neno moja. Maungamo hayanaswi. Hata kwa masomo, hata maungamo ya mchezo kwa kufundisha wafratelli. Kanuni 1386 ya Sheria ya Kanisa, ilivyopangwa upya na kuanza kutumika tarehe 8 Desemba 2021, inaadhibu mwenye kunasa kwa chombo chochote yanayosemwa katika maungamo, ya kweli au ya kuigiza. Nasi tunajua kwamba telefone iliyosahauliwa mfukoni, ikinasa bado, si jambo lisilowezekana. Uizime mbele ya kuketi.

Mambo madogo ya mkono

Chagua sauti isiyobanwa, WAV, ya mfereji mmoja. Saa moja inabeba karibu megabaiti 318, na MP3 ya kawaida karibu 58. Flashi ya gigabaiti 32 inatosha masaa mengi, basi hakuna sababu ya kubana. Weka telefone juu ya kitambaa, si juu ya bati wala meza tupu, na mbali na barabara ya pikipiki. Umeme wetu haukawii kukatika: katika ELAN agiza ijihifadhi yenyewe kila dakika tano. Fanya nakala mbili, zisilale nyumba moja.

Na ikiwa mama anarudi siku moja, akisema amebadili shauri, anataka maneno yake yatoke? Hapo utaona faida ya ile daftari. Tafuta namba yake. Ondoa sauti, faili ya alama, na mwandiko. Kisha nakala ya pili, ile iliyo katika nyumba nyingine. Kisha ile uliyompa mwenzako kwa kuweka alama, ambayo wengi wanaisahau. Katika memwari ondoa vipande vyake, hata kama ni vizuri kuliko vyote. Mwisho mwite mama mwenyewe, umfungulie ordinateri, aone fasi ile iko tupu.